Napuliza 380 asubuhi, 460 jioni. Ni mapafu, kifaa, au unga wa bekari?

#1 Mkanda Unga (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Nina miaka 34, urefu sentimita 170, sivuti sigara. Kazi yangu ni bekari, upande wa kupima unga na kuhudumia miksa, mashine za kukandia. Kifua kinanibana tangu mwaka jana na usiku kinapiga miluzi. Kliniki wakasema inaelekea ni pumu, wakanipa pampu ya bluu ya kuvuta dawa na kuniambia niandike kipimo cha kupuliza kwenye daftari.

Shemeji aliyeko Uingereza alinitumia kile kidude, bomba la plastiki lenye kishale pembeni na namba kuanzia 60 hadi 800. Sasa naona mambo. Asubuhi kishale kinaishia 370 hadi 390. Jioni 450 hadi 470. Wiki zinaenda, ni hivyohivyo. Karatasi iliyokuja nacho inasema mtu wa umri na urefu wangu awe kwenye 600 huko.

Maswali yangu: hii tofauti ya asubuhi na jioni inatoka wapi? Na hiyo 600, wanamaanisha mimi nimebakiwa na robo tatu ya mapafu? Jamaa yangu kazini anasema ni unga tu, niache kazi. Sijaacha.

#2 Kinyozi wa Mtoni

Nimevuta kigoda, wataalamu waje. Ila lita 460 mkuu, zote hizo zinakaa kifuani kwako? Hilo ni simtanki sasa.

#3 Nesi wa Uyole

Kinyozi, hakuna binadamu mwenye lita 460. Pumzi nzima ya mwanamume mzima ni kama lita 4 au 5. Kipimo kile hakihesabu umetoa hewa kiasi gani, kinasoma kasi: pale ulipopuliza kwa nguvu kuliko kote, hewa ilikuwa inatoka kwa mwendo wa lita ngapi kwa dakika. Ni kitu cha sehemu ndogo ya sekunde, kishale kinaruka na kubaki pale. Mirija ya hewa ikibana, mwendo unapungua. Basi.

Mleta mada, tuanze na unavyopuliza, maana nusu ya daftari ninazoziona zimeharibika hapo. Simama. Rudisha kishale chini kabisa. Vuta hewa mpaka kifua kijae, weka mdomo uzunguke bomba bila upenyo, ulimi usizibe tundu, vidole visiguse njia ya kishale. Puliza mara moja, kwa ghafla na kwa nguvu zako zote. Rudia mara tatu, andika kubwa kuliko zote. Siyo wastani.

Kuhusu asubuhi kuwa chini, hiyo ni kawaida ya mwili. Mirija ya hewa ya kila mtu hubana kidogo alfajiri na kufunguka mchana. Kwa asiye na pumu tofauti ni ndogo, hata haisikii. Kwa mwenye pumu inakuwa kubwa, ndiyo maana wengi hushtuka saa 10 usiku wakihema.

#4 Tarumbeta Namba Mbili

Mimi ni mpuliza tarumbeta wa bendi ya kanisa, nashikilia noti moja mpaka mchungaji anaangalia saa. Nileteeni hicho kidude nikivunje.

#5 Nesi wa Uyole

@Tarumbeta utaaibika. Kushikilia noti ni kutoa hewa kidogokidogo kwa muda mrefu, na kishale hakijali muda. Ukipuliza taratibu dakika nzima kitabaki chini kabisa na mtoto wa darasa la sita akushinde. Kinataka pumzi ya ghafla.

#6 Leicester Kwetu

Salaam wote. Nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa huku, vidude hivi tunavigawa kila siku. Mleta mada, angalia pembeni ya kipimo chako kama kimeandikwa EN 13826, alama ya kiwango cha Ulaya. Kama hakina maandishi hayo, inaweza kuwa kile cha zamani chenye skeli ya Wright, aliyebuni kipimo hiki. Huku Uingereza tulibadilisha skeli mwaka 2004, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inazidisha namba, hasa katikati, maeneo ya 300 hivi. Yaani mtu ana 300 ya kweli, kishale kinamwambia yuko juu zaidi ya hapo. Mashemeji wanatuma vitu vilivyokaa kabatini tangu enzi hizo.

Halafu karatasi iliyokuja nacho lazima iwe ya skeli hiyohiyo. Ukichanganya chati ya skeli moja na kifaa cha skeli nyingine unapata ugonjwa ambao huna, au unaficha ulio nao.

#7 Mkanda Unga

Shukrani. Nimeangalia, EN 13826 ipo. Napuliza nikiwa nimesimama, tatu tatu, naandika kubwa.

#8 Kinyozi wa Mtoni

Kifaa kimepona. Tumebaki na mwili na unga. Kura yangu naiweka kwenye unga.

#9 Baba Shamimu

Kabla hamjamzika na hiyo 600, mniambie ni mapafu ya nani hayo. Chati inayotumika Uingereza kwa watu wazima ni ya Nunn na Gregg, ya 1989, na waliopulizishwa walikuwa Waingereza. Mtu wa Temeke anapimwa kwa mapafu ya Mwingereza, halafu tunamwambia umepungukiwa.

Na kuna kisa kirefu zaidi cha mashine kubwa, spirometa, inayopima kiasi cha hewa unayotoa. John Hutchinson aliitambulisha London mwaka 1846, akapuliza watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia na polisi, akaona kiasi cha hewa kinaendana na urefu wa mtu. Hadi hapo safi. Miaka ya 1850 kule Marekani akatokea daktari wa mashamba ya watumwa, Samuel Cartwright, akadai mapafu ya mtu mweusi ni dhaifu kwa asili na kwamba kufanyishwa kazi ni dawa yake! Mawazo ya namna hiyo hayakufia shambani. Mpaka juzijuzi spirometa nyingi zilikuwa zinakuuliza rangi, ukijibu mweusi inapunguza kiwango unachotarajiwa kwa asilimia 10 mpaka 15. Ni mwaka 2023 tu chama cha madaktari wa mapafu Marekani kimeshauri waache.

#10 Mzee wa Kiwalani

Baba Shamimu umesema, lakini hesabu yako ina kona. Mashine ikipunguza matarajio, mtu mweusi mwenye mapafu mabovu anaambiwa yuko sawa. Anakosa tiba, na kama ameumia kazini anakosa fidia. Ukiliondoa punguzo, anaonekana mgonjwa, anapata tiba, ila kesho anapimwa afya ya kuajiriwa mgodini anaambiwa hafai. Visu viwili vya mpini mmoja. Mimi niliwahi kupulizishwa nikiomba kazi, najua ninachosema.

#11 Baba Shamimu

Shikamoo mzee. Hapo sibishi, ila kosa bado ni kudhani rangi ya ngozi ndiyo iliyofanya pafu liwe dogo. Utapiamlo wa utotoni, moshi, magonjwa ya kifua, nani alivihesabu?

#12 Mzee wa Kiwalani

Marahaba. Huyo Hutchinson wako hatimaye alihama Uingereza akaenda kufia Fiji. Kuna watu hupuliza mpaka wanapeperuka.

#13 Leicester Kwetu

Wazee wangu, mjadala mzuri ila kwa mleta mada una msaada mdogo. Kwenye pumu hatumlinganishi mtu na chati, tunamlinganisha na yeye mwenyewe. Tunatafuta namba yake bora, ile ya juu kabisa anayoifikia akiwa ametibiwa vizuri na kifua kimetulia, kwa wiki mbili hivi za kupima. Kuanzia asilimia 80 ya hapo kwenda juu ni kijani, endelea na maisha. Kati ya 50 na 80 ni njano, fuata mpango wa dawa mliokubaliana na daktari. Chini ya 50 ni nyekundu, vuta pampu na uende hospitali, usisubiri kupambazuke.

Tukisema bora yake ni 470, njano inaanza chini ya 376. Maana yake kila asubuhi anatembea juu ya mstari.

#14 Nesi wa Uyole

Nakubaliana na @Leicester isipokuwa kitu kimoja. Hiyo 470 siyo bora yake, ni bora ya mtu ambaye bado hajatibiwa. Akipata dawa sahihi anaweza kufika 530, nani anajua, na mistari yote inahama. Mkipaka rangi mapema mnampa kijani cha uongo.

Tofauti yenyewe sasa: 460 toa 380 ni 80. Gawanya kwa wastani wao, 420. Ni asilimia 19. Kwa mtu mzima, ikizidi 10 kwa wastani wa wiki moja au mbili, tunasema mirija inabadilikabadilika mno na pumu inapata uzito. Kwa hiyo mkuu, hujiwazii tu. Ila ni mwili wa asubuhi, mimi nabaki hapo.

#15 Fundi Randa

Nesi umeruka kitu. Mleta mada, UNAFANYA SHIFTI GANI?

Nauliza kwa sababu mimi ni seremala, na hakuna bekari ninayoijua mjini hapa inayooka mchana. Mkate wa saa 12 asubuhi dukani umekandwa usiku.

#16 Mkanda Unga

Usiku. Naingia saa 2 usiku natoka saa 12 asubuhi. Asubuhi napuliza nikifika nyumbani kabla ya kulala. Jioni nikiamka.

#17 Kinyozi wa Mtoni

🔥🔥🔥 Fundi Randa kamata soda kwangu. Yaani "asubuhi" yake ni mtu aliyetoka kuoga unga usiku kucha, na "jioni" ni mtu aliyepumzika mbali na unga. Kesi imeisha, hakimu funga faili.

#18 Fundi Randa

Mimi ilikuwa vumbi la mninga na mvule. Nikiwa likizo kijijini kifua ni cha ng'ombe, nikirudi karakana siku ya pili naanza kukohoa. Daktari hakuamini mpaka nilipomletea daftari la namba za karakana na za kijijini. Vumbi la mbao na unga wa ngano yote yanajulikana miaka mingi kwa kuleta pumu ya kazini. Mtaliano Ramazzini aliandika habari za waokaji na vifua vyao karne tatu zilizopita.

Na siyo ngano peke yake. Ile poda ya kuumulia mkate vizuri, mnaita impruva, mara nyingi ina kimeng'enya cha amilesi kinachotokana na kuvu. Hicho nacho kinaamsha mzio, na wewe unayepima na kumwaga ndiye unakivuta wa kwanza.

#19 Nesi wa Uyole

Haijaisha, Kinyozi. Anayefanya kazi usiku mwili wake haugeuki kabisa, saa ya ndani inabaki njia panda. Saa 12 asubuhi bado ni karibu na wakati ambao mirija imebana, amelala au hajalala. Kwa hiyo namba ya chini ya saa 12 inaweza kuletwa na unga, au na saa ya mwili, au vyote viwili vimepanda basi moja. Kwa daftari lake lilivyo huwezi kuvitenganisha.

Na swali jingine mkuu: pampu unavuta saa ngapi?

#20 Mkanda Unga

Jioni nikiamka, mara mbili, ili niende kazini kifua kikiwa chepesi. Kisha nakunywa chai, napuliza, naondoka.

#21 Nesi wa Uyole

Haya, nyongezeni hiyo kwenye faili la hakimu. Pampu ya bluu ni salbutamol, inaanza kufungua ndani ya dakika chache na kazi yake inakwenda saa kama nne mpaka sita. Kwa hiyo 460 ni namba ya mtu aliyevuta dawa, na 380 ni ya mtu ambaye dawa imemwishia zamani. Kliniki wakitaka kujua kama ni pumu wanafanya hivyohivyo kwa makusudi: puliza, vuta pampu, subiri dakika 15, puliza tena. Kama hawana spirometa na namba ikapanda kwa asilimia 20 au zaidi, ni dalili nzuri ya pumu. Toka 380 kwenda 460 ni asilimia 21.

#22 Kinyozi wa Mtoni

Sasa mimi kura yangu nairudisha mfukoni.

#23 Dawa ya Asili Original

Wadau mnazunguka mbuyu. Hizo pampu ni biashara ya wazungu, ukianza huachi, inazoesha na kuchosha moyo. Chukua tangawizi, kitunguu saumu, asali mbichi na habati soda, kunywa kutwa mara mbili. Kifua kitafunguka chenyewe. Njoo PM.

#24 Binti Maskati

PM zako zibaki nazo kaka. Mdogo wangu alificha pampu kwa sababu ya maneno haya haya ya "inazoesha", tukamkimbiza usiku midomo imekuwa ya bluu. Chai ya tangawizi anywe, tamu, lakini haifungui mirija iliyobana.

Mimi niko Maskati. Huku kwetu adui ni bukhuri na ubani. Alhamisi jioni nyumba nzima inafukizwa, mapazia, nguo, mpaka kilemba cha baba. Mume wangu ana kipimo hicho hicho na Ijumaa asubuhi namba yake lazima ishuke. Mama mkwe anasema ni upepo wa baridi wa kiyoyozi. Tumepima bila bukhuri, tumepima bila kiyoyozi, kila mtu ana daftari lake na kila mtu ameshinda. Mleta mada, nyumbani kwako mnachoma nini?

#25 Kinyozi wa Mtoni

Labda dawa ya mbu ya kuchoma.

#26 Fundi Randa

Analala mchana huyo. Mbu gani wa mchana, labda wadai.

#27 Mkanda Unga

😂😂 Wadai wapo. Hatuchomi kitu, tunatumia chandarua. Mke anapikia mkaa, uani, siyo ndani.

#28 Bandarini Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Miye nalikuwa kinu cha unga miaka mingi, na nataka kusahihisha kitu kimoja cha hapo juu. Mwasema mtu akitoka kazini namba iko chini basi ni kazi, akiwa juu si kazi. Si lazima iwe hivyo. Kuna watu unga wawapiga papo hapo, na kuna watu wawapiga baada ya saa nne, nane, wakiwa wameshafika nyumbani wamejinyoosha kitandani. Miye nalikuwa wa aina hiyo. Kazini sikohoi hata kidogo, tajiri ashangaa naumwa nini. Saa saba usiku ndipo kifua chalia.

Tena pumziko la siku moja halitoshi. Kifua kilichovimba ndani hakirudi Jumapili moja. Nalipokwenda kwa ndugu zangu Lamu nikakaa, ndipo namba zikaanza kupanda, na si siku ya kwanza.

#29 Leicester Kwetu

Huyu wa Mombasa amesema kitu ambacho wengi hawakijui. Ndiyo maana kwa pumu ya kazini hatutumii asubuhi na jioni. Mtu anapuliza angalau mara nne kwa siku, akiweza kila baada ya saa mbili akiwa macho, siku za kazi na siku za mapumziko, kwa wiki nne hivi. Pembeni ya kila namba anaandika yuko wapi, amelala saa ngapi, amevuta pampu au la, ana mafua au hana. Birmingham walitengeneza programu ya kompyuta, OASYS, ya kusoma grafu hizo, maana hata macho ya daktari hudanganyika.

Mleta mada, puliza kabla ya pampu. Hilo peke yake litakupa nusu ya jibu.

#30 Sangara wa Moshi

Naomba kuingilia. Mama yangu ana miaka 61, Musoma, amekausha samaki kwa moshi tangu nikiwa mgongoni. Hajawahi kuvuta sigara. Anapuliza 180 asubuhi, 190 jioni, pampu ikivutwa haibadilishi kitu cha maana. Kulingana na rangi zenu yuko wapi?

#31 Nesi wa Uyole

Pole sana. Kwa mama, rangi weka pembeni kwanza. Namba iliyo chini na haitikisiki siyo picha ya pumu ya kawaida. Moshi wa kuni wa miaka mingi huleta ugonjwa sugu wa kuziba mirija, uleule wa wavuta sigara. Kidude hiki hakiwezi kuutofautisha. Mpeleke penye spirometa, apulize mpaka hewa iishe, sekunde sita au zaidi. Wanaangalia ametoa kiasi gani sekunde ya kwanza, wanagawa kwa hewa yote aliyotoa. Ikiwa chini ya 0.7 hata baada ya pampu, hapo ndipo jina la ugonjwa linatajwa.

#32 Aliyepona 2016

Niongeze. Mimi nilimaliza dozi ya TB 2016, makohozi safi, nikaambiwa nimepona. Napuliza 290. Asubuhi 290, jioni 290, nikivuta pampu 290. Nilipewa dawa za pumu muda mrefu mpaka daktari mmoja akaangalia eksirei na kusema haya ni makovu. Sasa humu kila anayehema anaitwa mwenye pumu. Mleta mada, eksirei ulipiga?

#33 Mkanda Unga

Nilipiga, wakasema safi. Makohozi pia, hakuna kitu.

#34 Mzee wa Kiwalani

Zamani kabla ya plastiki hizi tulipimwa kwa kiberiti. Daktari anawasha njiti, anaishika mbele yako, unaizima kwa pumzi. Ukishindwa, kifua kibovu.

#35 Tarumbeta Namba Mbili

Hapo sasa! Mimi nazima mshumaa kutoka madhabahuni mpaka mlangoni.

#36 Leicester Kwetu

Mzee yuko sahihi, kipimo hicho kilichapishwa 1959, sentimita 15 toka mdomoni. Ila sharti ni mdomo uwe wazi wote, bila kubana midomo. @Tarumbeta jaribu hivyo nyumbani, uturudishie majibu.

#37 Tarumbeta Namba Mbili

...umeme umekatika, nitajaribu kesho.

#38 Kinyozi wa Mtoni

Umeme wa kiberiti?? 😂😂😂

#39 Baba Shamimu

Mwaka huohuo wa 1959 ndipo Wright na mwenzake McKerrow walipochapisha habari za kipimo cha mleta mada. Cha kwanza kilikuwa dude zito la chuma, hiki cha plastiki kilikuja miaka ya 70. Wright huyohuyo alifanya kazi pia ya kifaa cha kupima pombe kwa pumzi. Madereva mnamfahamu bila kumfahamu.

#40 Mkanda Unga

Wakuu nimerudi. Nilipata mapumziko mfululizo kwa sababu oveni ilikuwa matengenezo. Nimepuliza kabla ya pampu kama mlivyosema, mara nne kwa siku. Siku ya kwanza ya mapumziko: 375 asubuhi, jioni 420. Siku za mwisho: asubuhi 410, jioni 455, na pampu sikuivuta kabisa. Usiku wa kwanza kurudi kazini, nilipotoka 385.

#41 Fundi Randa

Amepanda akiwa mbali na unga, bila pampu, ameshuka aliporudi. Mnataka malaika ashuke?

#42 Nesi wa Uyole

Nataka zaidi ya usiku mmoja. Asubuhi bado iko chini kuliko jioni hata akiwa mapumzikoni amelala usiku kama watu, 410 kwa 455, hiyo ni asilimia 10 bila chembe ya unga. Ana pumu ambayo unga unaichochea, au unga ndio ulioileta? Ni vitu viwili, na dawa na haki zake hazifanani.

Na kwa vyovyote, pampu ya bluu peke yake haitoshi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, umeacha kushauri watu wazima watibiwe kwa hiyo peke yake. Inafungua mirija, uvimbe unabaki. Rudi kliniki na daftari, uulize kuhusu dawa ya kuvuta yenye steroidi. Na kama pampu yako inapuliza kooni zaidi ya kifuani, tumia spesa, kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Ukikosa, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni ili mdomo wa pampu ukae bila kuvuja inafanya kazi. Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto wakachapisha 1999.

#43 Mzee wa Kiwalani

Kuhusu haki: sheria ya usalama kazini ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya, na OSHA, wakala wa usalama kazini, wanazo mashine za kupuliza. Na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaohusika na magonjwa yatokanayo na kazi pia, siyo kukatwa kidole tu. Lakini kijana, usiende mikono mitupu. Daftari lako hilo lenye saa, shifti na namba ndilo shahidi. Litolee nakala.

#44 Bandarini Kisauni

Naye asiache kazi kwa hasira. Aombe kwanza ahamishwe upande wa kufunga mikate. Wasikung'ute magunia, wasifagie unga mkavu, wafute kwa maji. Na hizo barakoa za kitambaa hazizuii unga, ni pambo.

#45 Mkanda Unga

Msimamizi anasema upande wa kufunga umejaa. Ila kuna mwenzangu wa oveni naye anakohoa, ameomba apulize kwenye kidude changu tuone. Kinaazimika?

#46 Nesi wa Uyole

Bora kila mtu awe na chake. Mkilazimika, kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikauke kabisa kabla ya mwingine, maana kikiwa na maji ndani kishale kinakwama. Na kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, kabla ya kupuliza popote akapime makohozi.

#47 Binti Maskati

Mleta mada usipotee, tunataka namba za huyo wa oveni. Kule ni joto na moshi, unga kidogo. Tukimwona naye anashuka asubuhi, Fundi Randa na Nesi wataanza upya.

#48 Fundi Randa

Mimi sijawahi kumaliza.